Sanduku la Posta la Kasiva

Masii, 9 Juni 2001

Baba Mwikali,

Natumai baridi ya Nakuru haijakumaliza. Mtoto hajambo, na mbaazi zimechanua.

Maduka yetu yalibomolewa Jumatatu. Wanajenga nyumba za kupangisha, ghorofa nne. Cherehani yangu iko jikoni sasa, nashona yunifomu kando ya sufuria. Nilipokuandikia kwamba tumepewa notisi, ulijibu ukiuliza Kasiva wa duka la vitambaa atahamia wapi. Mimi nitahamia wapi, hukuuliza.

Basi, amehamia Kithimani. Unajua sisi wote wa maduka yale tulipokea barua kwa sanduku lake la posta. Zako alikuwa akinipa huku anacheka, kama yeye ndiye ameandikiwa. Siku ile tingatinga likiwa mlangoni, alinitupia ufunguo wa sanduku akaenda zake. Jana nilienda posta, nikakuta barua moja. Mwandiko ni wako, jina ni lake.

Sijaifungua. Nakurudishia humu ndani ya bahasha. Lakini nimeishika mkononi, Baba Mwikali. Unazoniandikia mimi huwa karatasi moja tu. Hii ni nzito.

Bado mke wako,
Nzisa