Suruali ya Kijivu ya Baba

Mpendwa Dada,

U hali gani? Shemeji na mtoto hawajambo? Na goti lako, bado linalalamika ukipanda ngazi? Huku Mama ni mzima, cherehani yangu ni nzima, nami nipo. Habari za Baba zinataka nafasi, kwa hiyo kaa kitako.

Unakumbuka daktari alivyosema moyo wa Baba umechoka, apunguze tumbo, chumvi, nyama za mafuta na vya kukaanga. Mama hakufanya mzaha. Maharage sasa yanapikwa kwa ndimu na kitunguu saumu, kuku anavuliwa ngozi kabla hajaingia sufuriani, na kikopo cha chumvi kilihamia kwenye sanduku langu la vifungo. Baba akaanza kuja kwangu kuulizia kifungo cha shati. Alikuja siku tatu mfululizo, na mashati yake yote yalikuwa na vifungo kamili.

Unamjua, dereva wa malori miaka thelathini, alizoea kula chochote pale alipoegesha. Mizani haiamini hata kidogo. Akaamua kujipima kwa ile suruali ya kijivu niliyomshonea kwa ajili ya harusi yako. Kila Jumapili anaivaa mbele ya kioo, nasi tunasubiri hukumu mlangoni. Jumapili nne za mwanzo kifungo kilikataa katakata. Ya tano kikafunga. Baba alitembea sebuleni kama bwana harusi, Mama akatokwa na machozi, nami nikakuandikia siku hiyohiyo kwamba mapishi mapya yamefanya kazi. Ukafurahi, ukaacha kumpigia simu za kumkumbusha mboga.

Dada, nisamehe. Suruali niliipanua mimi. Jumapili ile ya nne nilimkuta amekaa kitandani, suruali ameishusha hadi magotini, akisema labda mwili wake haumtaki tena. Sikustahimili. Sisi mafundi huacha kitambaa cha akiba kwenye mshono wa nyuma. Nikaufumua, nikaongeza vidole viwili, nikapiga pasi mpaka isijulikane. Nilidhani ninamtia moyo. Kumbe nilimpa ruhusa: akajipongeza kwa mayai ya kukaanga, kesho yake kwa soseji, mwishowe kila siku ikawa ya pongezi.

Wiki iliyopita nilimsindikiza kliniki, muuguzi akampima kiuno kwa futi ya kitambaa. Kimeongezeka, presha nayo imepanda, na daktari amemwongezea dawa. Baba akaitazama ile futi, kisha akanitazama mimi. Nililia, nikasema yote palepale kwenye benchi, nikingoja anikaripie mbele za watu. Akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Mwanangu, siku nyingine nishonee ukweli, hata kama unabana."

Suruali nimeirudisha ilivyokuwa. Imetundikwa karibu na meza ya chakula, kwa amri yake mwenyewe. Jana alikula samaki wa kuchemsha na mchicha, akaitupia jicho, akamaliza sahani bila kuomba chumvi. Tafadhali mpigie tena simu, umgombeze kama zamani. Anasema kelele zako zilimfaa kuliko huruma yangu, na nadhani amezikosa.

Msalimie shemeji, na mtoto mbusu mashavu yote mawili. Mama anakusalimu sana. Kikopo cha chumvi amekirudisha kabatini. Siku hizi kila Jumamosi anaficha mkasi na sindano zangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi