Miguu ya Mama Mlangoni Kabazi

Dada Naomi mpenzi,

Salamu nyingi za Pasaka huko Mau Narok. Tumefika Kabazi kuhiji, siku mbili kwa miguu kutoka Nakuru, viatu tumevining'iniza shingoni ili tuvivae mlangoni mwa kanisa, kama kawaida yetu. Mama mkwe wangu hana viatu. Mzee wa kanisa akamzuia: "Mama, na hilo vumbi huingii!" Na ndani wanasoma habari ya Yesu kuwaosha wanafunzi miguu! Kwani tulikuja kumwonyesha Mungu viatu? Nilivua vyangu, nikaketi naye nje kwenye nyasi.

Tukija kwako, tuchemshie viazi, na maji ya kumwosha mama miguu. Kwako najua ataingia hivyo hivyo.

Mdogo wako, Rahabu