Jumapili Baba Yako Alipoimba

Mwanangu Anghel,

Hujambo huko Torino, Italia? Huku Moldova mbuzi amezaa mapacha, na mvinyo wetu umekuwa mtamu.

Usishtuke: benki imefilisika, akiba yetu yote imepotea. Jumapili iliyofuata, siku ambayo kwa miaka mingi baba yako aliitumia kufanya kazi, alinifuata kanisani, akaimba kwa sauti mpaka padri akageuka kumtazama.

Njiani kurudi akacheka. "Safta, nilidhani furaha yangu iko benki. Kumbe Mungu hakuiweka kule!"

"Si nilikwambia miaka yote, mzee wewe?"

"Basi niambie tena."

Tulishikana mikono mpaka nyumbani, kama wachumba.

Usijiongezee zamu za kazi ili ututumie pesa. Mungu anatutunza. Panda basi uje Pasaka, tumekukumbuka mno.

Mama yako akupendaye,
Safta