Unamwachia Nani?

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa Kathonzweni hatujambo. Pojo tumevuna, na babu yako bado anagombana na mbuzi wake. Umeniandikia kwamba huko chuoni unaficha chakula ili wasijue kwamba huli, ukauliza kama nami niliwahi, na nilimwambiaje mtu. Nitakujibu, ingawa hata mama yako sijawahi kumsimulia.

Nilikuwa kidato cha nne, mwenye haya mno. Daktari mmoja mgeni kule Mutomo aliniomba nimtafsirie maswali kuhusu wasichana na chakula, kutoka Kiingereza hadi Kikamba, kisha tuyajaribu kwa wasichana wa hapo. Swali moja liliuliza: huwa unaacha kula ukiwa na njaa? Wote walisema ndiyo. Daktari akadhani wote wana ugonjwa wa kujinyima chakula.

"Waulize wanamwachia nani," nikanong'ona.

"Wadogo zangu," mmoja akajibu. "Kwani daktari, kwenu ni wewe humaliza sufuria?" Wakacheka.

Basi tukaongeza swali hilo. Tukiwa tunapanga karatasi, daktari akaangalia sahani yangu ya mahindi na maharagwe. "Muthokoi wako hujaugusa tangu mchana. Wewe unamwachia nani?"

Mimi ni kitinda mimba, Mwende. Sikuwa na mdogo wa kumwachia. Niliogopa kunenepa, na kuulizwa niliogopa zaidi.

"Hakuna mtu," nikasema.

Hakunikemea. Alivuta kiti tukala, mimi vijiko vitatu tu.

Sikupona siku hiyo, lakini tangu hapo kulikuwa na mtu mmoja aliyejua. Na wewe sasa unaye.

Ni mimi susu wako,
Syombua