Saa Sita ya Baba Mdogo

Jumamosi jioni, huku mjini Sokon I. Mlima umejifunika wingu tangu asubuhi, kijibaridi kipo, na mimi nina kikombe cha chai ya tangawizi na moyo mweupe. Karibu mweupe wote.

Leo tulikuwa na kesi kwetu, na shahidi alikuwa bodi ya kielektroniki, ndogo kama kiberiti.

Baba Mdogo ndiye mlinzi wa lango la mfereji wetu, kule juu ya Kikatiti. Anafungua na kufunga maji kwa zamu ya kila shamba. Jumanne ilikuwa zamu ya jirani yetu, Mama Anaeli, na maji yakakatika shambani kwake saa tatu asubuhi, migomba haijanywa hata nusu. Akasema Baba Mdogo kafunga lango mapema. Baba Mdogo akakana. Wanamfereji wakaitana leo: akionekana mwongo, anavuliwa kazi aliyoishika tangu mimi sijazaliwa.

Pale langoni nilishafunga bodi inayoandika lango limefunguliwa saa ngapi na limefungwa saa ngapi, saa tupu bila dakika, kisha inakokotoa hashi ya maandishi hayo. Hashi ni kama alama ya dole gumba. Maandishi yale yale hutoa alama ile ile, lakini ukigusa tarakimu moja tu, inakuja nyingine kabisa. Nilipoifunga, Mama Anaeli alinitazama akaniambia, "Mwanangu, wewe ni damu yake, utaandika unachotaka." Kwa hiyo nikamwomba yeye mwenyewe, kila siku ya zamu yake, jioni akipita langoni, anakili kwenye daftari lake herufi na tarakimu nane za mwanzo zinazotokea kwenye kioo cha bodi. Za Jumanne alikuwa nazo.

Asubuhi kabla ya kuondoka niliijenga upya programu ya hashi, nikaipakia kwenye bodi ya akiba, nikaipa neno la majaribio ambalo jibu lake linajulikana: abc. Ikajibu ba7816bf na kuendelea, sawasawa. Nikajipongeza kwa andazi la pili.

Saa nne tulikuwa langoni. Nikaiweka bodi ya akiba juu ya jiwe, nikaiunganisha na kompyuta, nikawaeleza watu: Baba Mdogo aseme kwa mdomo wake alifungua na kufunga saa ngapi, mimi niandike. Maneno yake yakitoa alama iliyomo kwenye daftari la Mama Anaeli, amesema kweli.

"Nilifungua saa kumi na mbili," akasema. "Nikafunga saa sita, kengele ya kanisa inalia."

Nikaandika kama nilivyosikia: 12, halafu 6. Mama Anaeli akasogeza miwani, akalinganisha herufi ya kwanza tu.

"Sivyo."

Nikarudia polepole. Sivyo tena. Watu wakaanza kuguna. Baba Mdogo akavua kofia, akawa anaikunjakunja mkononi.

Hapa ndipo pa kuungama. Niliamini kweli alifunga mapema.

Nikainamia kompyuta ili nisikutane na macho yake. Pembeni mwa kioo chake saa ilisoma 10:20. Saa nne na dakika ishirini. Nikahisi masikio yanawaka moto. Bodi inahesabu kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu tangu kulipokucha. Miaka yote ya kusoma mambo haya, halafu woga wa nusu saa umenirudisha kwenye kuhesabu saa kama bibi. Nikafuta, nikaandika 6, halafu 12. Namba zile zile, zimebadilishana viti.

Mama Anaeli alizisoma herufi za alama mpya moja moja kwa sauti, kidole kikitambaa kwenye daftari. Zote nane zikakaa. Daftari lilikuwa lake na mwandiko ulikuwa wake, hakuwa na pa kukimbilia, na kwa kweli hakukimbia. Akauliza tu, "Sasa maji yangu yalikwenda wapi?"

Tukashuka na mfereji hatua kwa hatua. Juu kidogo ya shamba lake tukakuta fuko katoboa ukingo, maji yote yanazama kwenye shimo na kutokea bondeni.

"Baba Elia, nisamehe," akamwambia Baba Mdogo mbele ya wote. "Nilikuona mwizi."

"Yameisha, mama. Tuleteeni jembe."

Tukaziba. Kisha Mama Anaeli akasema ataendelea kunakili zile herufi, maana fuko hana daftari. Tukacheka sote, na kazi ya Baba Mdogo imebaki mikononi mwake. Wakati naondoka Baba Mdogo alinipakilia mkungu wa ndizi na kunishukuru kwa kumwamini.

Kwa kumwamini.

Mama Anaeli amelitua kosa lake mbele ya watu. Langu nimerudi nalo mjini, pamoja na ndizi. Kesho baada ya ibada nitapanda tena Kikatiti nikamwambie. Nitaanza na shikamoo. Sentensi ya pili bado sijaipata.