Dole Gumba Langu Kwenye Chuma cha Shangazi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla mwezi haujaisha, maana tangu juzi mikono naificha mifukoni.

Shangazi yangu anafanya kazi maabara, wanatafuta chuma kisicholika kwa ajili ya mitambo ya kuunganisha atomi, ile inayotaka kutoa nishati kama jua, na likizo iliyopita alinipeleka nikaone, nikafurahi kupita kiasi kwa sababu aloi, yaani vyuma hivyo vya mchanganyiko, nilikuwa nimezisoma sana vitabuni, na Fundi Mizani, anayepima vipande kabla havijazamishwa kwenye madini ya risasi yaliyoyeyuka, akanivalisha glavu akaniambia, "Profesa, hapa tunatazama kwa macho tu," kisha akageuka kupokea simu, nami, mshauri, sijui nilipatwa na nini, nikavua glavu nikashika kipande kimoja, kidogo kama biskuti, nilitaka tu kujua ulaini wake, nikakirudisha, nikavaa glavu tena.

Kipande kile kikakaa ndani ya risasi ile ya moto saa elfu moja. Juzi shangazi alikuja kula kwetu, akatoa simu. "Hebu tazameni maajabu! Kote kizima, kimelika hapa tu. Mtu kashika chuma changu kwa mkono mtupu, chumvi ya jasho lake ikakila!" Akaikuza picha. Lilikuwa dole gumba langu, michirizi yote, na katikati mstari wa kovu nililopata nikifungua kopo nikiwa mdogo.

Baba akacheka, "Huyo alitoka kula karanga za chumvi." Shangazi hakucheka. Alisema Fundi ndiye mwenye funguo, na Fundi anaapa kwamba miaka kumi na moja hajagusa kipande bila glavu, lakini mkuu wao amempa mpaka mwisho wa mwezi ajieleze au aondoke. Nilitaka kusema, sauti ikagoma. Nikisema, shangazi ataniamini tena?

Mwenye Kovu

Mwenye Kovu,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Wenzako watanisamehe, nimekujibu wewe kwanza, kwa sababu kuna mtu anahesabu siku.

Kugusa ni hamu ya kujua iliyokosa adabu. Hilo ningekukaripia na kusahau. Lakini kukaa mezani unameza tonge huku jina la mtu linachafuliwa? Hapo umenishtua, mwanangu. Tena mtu aliyekuita Profesa! Unauliza kama shangazi atakuamini. Fundi hujamuulizia hata kwa neno moja.

Mimi si mtaalamu wa vyuma, ila najua shangazi yako anatafuta jibu, na jibu umelificha mfukoni.

Sauti ikigoma, usiitumie. Leo hii nenda kwake, mwombe afungue ile picha, kisha weka dole gumba lako kando yake. Atasoma mwenyewe. Kesho mfuatane maabara, na mbele ya mkuu umwombe Fundi msamaha ukimtazama usoni. Akifoka, mwache afoke. Usilie ili akuhurumie.

Sasa kunja gazeti. Toa mkono mfukoni, uende.