Ufunguo Shingoni

Jumamosi, 4 Mei

Kosa la watu wengi ni kuogopa roketi inaporuka. Ikiruka tumeshaachana nayo: yenyewe juu, sisi chini. Ya kuogopa ni ile iliyokataa kuruka. Imesimama pale kwenye fimbo yake, kimya, baruti tumboni, na kila mtu anawashwa miguu kwenda kuiuliza kulikoni.

Leo klabu yetu ya roketi za karatasi imerusha kumi na moja. Mbili zimekataa. Mbili ni nyingi!

Sababu ni vibanio. Chini ya injini kuna kiwashio, kiwaya chembamba chenye miguu miwili. Kila mguu unashikwa na kibanio cha chuma, na vibanio vinavutwa na waya wa mita thelathini hadi kwenye sanduku letu la kurushia, lenye betri, kitufe na tundu la ufunguo. Kibanio kikishika masizi, umeme haupiti. Dawa yake ni msasa, dakika tano tu. Nikamwambia Fundi Umeme vipigwe msasa kila wiki. Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo yake naijua — niliisikia darasani miaka minne, na kazi ya nyumbani haikuletwa.

Roketi ikikataa, anayekwenda ni mdogo wangu. Yeye ni mshonaji. Parachuti zote za klabu kazishona kwa vitambaa vya miavuli iliyokufa. Ana vidole vya kazi ile. Na sheria ni kwamba anayekwenda huvaa ufunguo shingoni. Ufunguo ni mmoja tu. Usipokuwa kwenye sanduku, sanduku ni maiti, bonyeza kitufe mpaka ukucha ung'oke. Sheria hiyo niliitunga mimi, ina miaka tisa sasa, na haijatuangusha hata siku moja.

Leo kainama mpaka uso ukawa juu kabisa ya pua ya roketi. Nikapiga kelele: uso pembeni!

"Dada, hili ni bomba la karatasi," akajibu huku ameinama vilevile. "Mimi nimekaa miaka thelathini na mwanamume anayelipuka zaidi ya hili."

Watu wakacheka. Hata mimi. Sikupaswa kucheka.

Jumapili, 5 Mei

Ufunguo umepinda. Jana wakati wa kufunga vitu mlango wa gari uliubana ukiwa bado kwenye sanduku. Fundi kalichukua sanduku kwake.

Nimempigia kumwambia wazi: ufunguo usipofanya kazi sawasawa, hakuna kurusha tarehe kumi na nane. Wala tarehe mosi Juni, wageni waje wasije. Wageni ni wasichana arobaini wa shule niliyofundisha. Niliwaalika mwenyewe.

Akajibu: itapatikana tu, Mwalimu.

Nadhani nilisema kwa ukali. Sauti ya darasani haistaafu.

Jumatano, 8 Mei

Sanduku limerudi. Ufunguo kaunyoosha vizuri, kautia na kamba mpya. Unazunguka laini mno. Zamani ulikuwa na mlio — tak! — ukajua kitu ndani kimekamata. Sasa hakuna tak.

Umetia grisi?

Kidogo, Mwalimu.

Nikamwambia naukosa ule mlio. Akacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili.

Kitufe pia kinanata. Ni vumbi la uwanjani. Ukikibonyeza kinazama, kinafikiria kwanza, ndipo kinarudi. Kasema atakisafisha. Kaacha na mfuko wake wa vipuri kwangu, eti asirudi nao mzigo. Nimeusukuma chini ya kabati.

Niandike na hili, maana linanikereketa: sikufanya jaribio. Jaribio lenyewe ni dogo. Toa ufunguo. Funga balbu ya tochi kwenye vibanio. Bonyeza kitufe. Balbu ikiwaka, ufunguo ni pambo. Wanafunzi wa kidato cha pili wanaliweza. Ila chai ilikuwa mezani, na yeye alikuwa na haraka.

Jumamosi, 18 Mei

Tumerusha kumi na tatu. Imekataa moja, ya saba.

Simu zote zilikuwa kwenye ndoo, zimezimwa, ndoo imefungiwa ndani ya gari mpaka roketi ya mwisho. Hiyo nayo ni sheria yangu. Tangu mwaka juzi, watu walipokuwa wanatazama skrini badala ya angani, na roketi ikashukia kwenye kioo cha gari la Daktari wa Mifugo, mwenzetu wa klabu. Walinung'unika mwezi mzima. Sasa Kinyozi ndiye anayezunguka na ndoo, anaimba, anawaambia toeni sadaka.

Niirudie ile ya saba. Mdogo wangu akavaa ufunguo, akaenda. Mimi nimekaa kwenye sanduku. Nikaona taa imewaka.

Nieleze taa. Taa nyekundu ya sanduku huwaka pale umeme unapopata njia nzima: kutoka kwenye betri, kupitia ufunguo, mpaka kwenye kiwashio na kurudi. Ikiwaka maana yake roketi iko tayari, kilichobaki ni kidole. Ufunguo ukiwa shingoni mwa mtu, taa haina namna ya kuwaka. Haina!

Nikasema: Fundi, taa.

Akaja akasimama kati yangu na sanduku. Jua hilo, Mwalimu. Plastiki inashika jua.

Nikakinga kwa kiganja. Niliiona bado, au nilidhani naiona. Wakati huo mdogo wangu ameshika vibanio kwa mikono miwili, anavibana, kapiga magoti kwenye kiti chake kidogo kama yuko kwa cherehani. Nikataka kuita. Akawa ameshainuka, anakung'uta sketi, anakuja anatabasamu.

Fundi akasema labda taa yenyewe ina hitilafu, inababaisha watu. Akaibandika tepu nyeusi. "Isikuchanganye tena," akasema. Kwa upole kabisa.

Roketi ikaruka vizuri. Kitufe kilibaki kimezama, nikakivuta kwa ukucha.

Nilitaka kusema: leo basi, tufunge, tulifungue sanduku. Nikawafikiria wasichana arobaini. Nikajitia hamnazo.

Jumatatu, 20 Mei

Kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho, la kulia, ameshakomaa. Akauliza: unaona taa zina duara la mwanga? Unaona mng'ao mahali ambapo hapana kitu?

Ndiyo! Nilisema ndiyo kwa furaha, daktari akanishangaa. Mtu anaambiwa jicho lake limekufa nusu, anafurahi kama aliyesamehewa deni.

Basi ile taa ilikuwa jicho langu. Nimemwambia Fundi. Akavuta pumzi ndefu kwenye simu. Pole sana, Mwalimu, akasema. Pole sana.

Upasuaji ni tarehe thelathini.

Alhamisi, 30 Mei

Wamemtoa mtoto wa jicho. Niko na bandeji, naandika kwa jicho la kushoto, mistari inapanda mlima. Wiki nzima ndani. Nisikutane na vumbi, nisiiname, nisinyanyue kitu.

Mdogo wangu kaja jioni, kaniona, kavuta kiti. Halafu: "Unafanana na haramia aliyestaafu."

Nimemkabidhi ufunguo. Jumamosi Fundi atakaa kwenye sanduku na kuhesabu, yeye atakwenda kwenye roketi. Nikamkumbusha masharti. Roketi ikikataa, ufunguo kwanza. Kisha dakika nzima, ndipo mtu asogee.

"Dakika nzima?"

"Nzima. Na uso pembeni."

"Uso wenyewe ninao huu mmoja, dada, na hakuna anayeuposa tena."

Akauvaa papo hapo, juu ya kitenge, akaupigapiga kifuani. Akasema akiwa nao anajisikia hata radi haimwezi. Akaondoka nao hivyohivyo, njiani watu wamwone.

Nimelala chali kama nilivyoagizwa. Neno lile halinitoki: hata radi haimwezi.

Ijumaa, 31 Mei

Fundi kapiga simu mara mbili.

Ya kwanza: ni kweli sitakuja kesho? Nikasema daktari kakataa. Akasema ni afadhali nipumzike. Kasema afadhali mara tatu.

Ya pili: ule mfuko wa vipuri uko wapi? Chini ya kabati, nilikousukuma. Atapita jioni kuuchukua. Hakupita.

Vibanio vimepigwa msasa? Kesho asubuhi, Mwalimu.

Na kitufe? Hicho nacho kesho.

Nilitaka kumuuliza kitu kingine. Nilikuwa nacho mdomoni. Akasema watu wa mahema wanamwita, akakata.

Jumamosi, 1 Juni

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Plasta ya bandeji imebanduka. Nikatafuta tepu. Nikakumbuka mfuko. Nikainama — ndiyo, nimeinama — nikauvuta.

Tepu ilikuwemo. Chini yake, ndani ya karatasi ya msasa, kuna swichi.

Nimeijua mara moja. Ni ya sanduku letu, ile inayokaa nyuma ya tundu la ufunguo. Nilichora alama ya X ya rangi nyeupe juu yake miaka tisa iliyopita, nilipoifunga kwa mkono wangu. Ulimi wa ndani umepinda. Nyaya zake mbili zimekatwa kwa koleo, safi kabisa.

Kwa hiyo nyuma ya tundu la ufunguo hakuna kitu, ndiyo maana hakuna tak. Kaunganisha nyaya moja kwa moja, umeme upite ufunguo uwemo usiwemo, na kuacha uso wa kufuli pale mbele, tuendelee kuuzungusha. Hakupata swichi nyingine kwa wakati, akaniogopa mimi na tarehe zangu. Alikusudia kununua. Namjua. Alikusudia na kazi za nyumbani.

Taa ilikuwa imewaka. Jicho langu halikudanganya.

Sasa nieleze, polepole. Kibanio kina masizi. Fundi anahesabu, anabonyeza, roketi inakataa. Kitufe kinanata, kinabaki chini. Hakuna anayekitazama, kwa sababu ufunguo umetoka na wote wanaamini sanduku ni maiti. Mdogo wangu anasubiri dakika yake. Anakwenda. Anapiga magoti. Anakibana kibanio vizuri. Na akishakibana vizuri — hapohapo, mkononi mwake, uso juu ya pua — umeme unapata njia.

Hakuna atakayekuwa amegusa kitu. Kila mtu atakuwa amefuata sheria.

Sheria yangu.

Saa mbili na nusu. Simu ya mdogo wangu haipatikani. Ya Fundi haipatikani. Kinyozi, haipatikani. Daktari wa Mifugo, haipatikani. Kinyozi keshapita na ndoo, keshaimba wimbo wake wa sadaka. Wageni wamefika mapema, basi.

Nimempigia mwalimu mkuu wa wasichana. Kaacha simu ofisini, karani kapokea. Kasema ah, Mwalimu, habari za siku nyingi, mama huyo wa roketi si ndugu yako? Wasichana wamempenda, wiki iliyopita alikuja kuwaonyesha parachuti za miavuli. Nikamkatia.

Saa mbili na dakika arobaini. Dereva wa teksi kasema dakika kumi. Nimemwambia tano. Kasema, mama, foleni.

Kurusha ni saa tatu. Uwanja ni dakika ishirini kutoka hapa, ikiwa njia ni nyeupe. Ya kwanza kupanda ni ile kubwa nyekundu, injini ya ukubwa wa mkono wa mtoto. Niliipanga mimi iwe ya kwanza. Iwavutie.

Labda vibanio vimepigwa msasa. Labda. Karatasi ya msasa ninayo mimi hapa mezani, imefunga swichi.

Saa mbili na dakika hamsini na mbili. Honi. Ndiye.

Sikiliza, wewe mwanamke. Ukifika usimtafute Fundi, usimgombeze mtu, usieleze chochote. Nenda moja kwa moja kwenye sanduku ung'oe betri.